Nahodha wa Kriketi na Watu Wake

Kazi ya nahodha kwenye mpira wa miguu tunaijua. Anavaa kitambaa, anarusha shilingi na mwenzake, anamsogelea refa pale wengine wanapokatazwa, basi. Kikosi ni cha kocha. Timu ikipigwa tatu bila, anayefungashiwa virago ni kocha, nahodha anaendelea na mshahara wake. Sasa hamia kwenye kriketi, ule mchezo ambao wengi wetu hapa chuoni tunauruka kwenye king'amuzi tukitafuta Ligi Kuu, na mambo yanageuka. Huko kocha anakaa nje ya uwanja na maamuzi ya ndani, ova kwa ova, ni ya nahodha. Timu ikishinda anasifiwa yeye, ikishindwa anasemwa yeye. Ndiyo maana swali la nani awemo kikosini na nani abaki nyumbani halimwachi, hata pale ambapo chama cha nchi yake hakimpi kura ya uteuzi.

Mimi nasoma ualimu, na kilichonivuta kwenye jambo hili ni somo la saikolojia ya elimu. Nitafika huko. Kwanza mchezo wenyewe, kwa ambao hawaujui. Timu ina wachezaji 11. Upande mmoja unapiga kwa gongo na kutafuta mikimbio, upande mwingine unarusha mpira na kutafuta kuwatoa wapigaji, na kila anayetolewa ni wiketi moja. Mrushaji anarusha mipira sita, hiyo ni ova, kisha ova inayofuata anapewa mwingine. Wapo warushaji wa kasi na wapo wa polepole wanaouzungusha mpira ili ukidunda ubadilishe njia. Mechi kubwa kuliko zote inaitwa Testi na inachezwa hadi siku tano.

Nani anapewa mpira? Anayeamua ni nahodha. Katika Testi hakuna sheria inayomlazimisha kumpa yeyote. Unaweza kuwa kikosini siku zote tano, umesimama kwenye jua, na usirushe hata mpira mmoja. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na watu wengi wanaoitafuta kwenye vikao wanaikosa.

Kwa makaratasi uteuzi una ngazi mbili. Ya kwanza ni kundi la wachezaji 15 au 16 hivi wanaokwenda kwenye ziara, na hilo huchaguliwa na kamati ya wateuzi, mara nyingi wachezaji wa zamani. Ya pili ni wale 11 wa siku ya mechi, na hapo sauti ya nahodha na kocha ndiyo kubwa, hasa timu ikiwa ugenini. Ukisoma hivyo utadhani nahodha anaanza kazi kwenye ngazi ya pili. Kiukweli ngazi ya pili inaivuta ya kwanza. Mteuzi mwenye akili anajiuliza: nikimpeleka huyu kijana Australia, na nahodha hamwamini, atacheza? Hatacheza. Atabeba chupa za maji miezi miwili. Afadhali nimpeleke yule atakayetumika. Nahodha hajafungua mdomo, na upendeleo wake umeshafanya kazi.

Neno lenyewe, upendeleo, kwetu lina harufu mbaya. Tukilisikia tunafikiria mjomba ofisini. Lakini kwenye kriketi kumpendelea mtu na kumwamini ni vitu vinavyokaa chumba kimoja, na hakuna mfano mzuri kuliko Sourav Ganguly wa India.

Ganguly alipewa unahodha mwaka 2000, kipindi kibaya kabisa, kashfa ya kupanga matokeo ikiwa imeichafua timu. Mwaka uliofuata Australia walikuja India wakiwa wanashinda Testi mfululizo. Mrushaji mkuu wa mzunguko wa India, Anil Kumble, alikuwa nje kwa sababu ya bega. Ganguly akamtaka Harbhajan Singh, kijana wa miaka 20 aliyekuwa amefukuzwa kwenye chuo cha kriketi cha taifa kwa utovu wa nidhamu na wengi walikuwa wameshamfuta. Harbhajan akachukua wiketi 32 katika Testi tatu. Ile ya Kolkata, Machi 2001, India walitoka nyuma kabisa wakashinda kwa mikimbio 171 na kuukata mfululizo wa Australia wa ushindi 16. VVS Laxman alipiga 281 siku zile. Mshike huyo Laxman, nitamrudia.

Mwaka 2002 Ganguly akafanya jingine. Virender Sehwag alikuwa anapiga katikati ya safu, na kwenye Testi yake ya kwanza alipata mikimbio zaidi ya 100 akiwa namba sita. Ganguly akamtaka afungue, yaani awe wa kwanza kuukabili mpira mpya, kazi ambayo vitabu vinasema ni ya watu wavumilivu, na Sehwag uvumilivu hana. Sehwag mwenyewe amesimulia alivyokubali: aliahidiwa kwamba akishindwa hatatupwa nje moja kwa moja, atarudishwa kwanza kwenye nafasi yake ya zamani. Akapiga 84 kwenye uwanja wa Lord's kule London, na miaka miwili baadaye akapiga 309 dhidi ya Pakistan mjini Multan, Mhindi wa kwanza kufika 300 kwenye Testi.

Soma tena ile ahadi. Ganguly hakumpa Sehwag mbinu yoyote, wala hakumfundisha kushika gongo. Alimpa muda. Alimwambia, kwa maneno mengine, kwamba hatahukumiwa kwa siku moja mbaya. Hiyo ndiyo mali halisi aliyonayo nahodha, na anaigawa apendavyo.

Halafu kuna kisa cha Kumble. Mwishoni mwa 2003 India walikuwa wanajiandaa kwenda Australia. Kumble ana miaka 33, bega lilishapasuliwa, na rekodi yake nje ya India haikuwa ya kutisha mtu. Wateuzi walitaka kumwacha. Ganguly amesimulia zaidi ya mara moja alivyokaa kwenye kikao hadi usiku akikataa kutoka bila jina la Kumble, na jinsi alivyoambiwa kwamba safari ikiharibika, yeye nahodha atakuwa wa kwanza kuondoka. Akakubali sharti. Walipofika Brisbane kwa Testi ya kwanza, aliyepangwa ni Harbhajan. Kumble, yule aliyepiganiwa usiku kucha, akakaa benchi! Kisha Harbhajan akaumia kidole, Kumble akaingia, na katika Testi tatu zilizobaki akachukua wiketi 24, nane kati ya hizo kwa mara moja pale Sydney. Mfululizo uliisha moja kwa moja, ugenini, dhidi ya timu bora duniani. Kumble alikuja kumaliza maisha yake ya Testi na wiketi 619.

Hadithi kama hizi zinapendwa na ndizo zinazofanya watu waseme nahodha apewe anachotaka. Mimi zinanitia wasiwasi kidogo, maana tunazisikia kwa sababu zilifaulu. Kwa hiyo turudi kwa Laxman. Kwenye Kombe la Dunia la 2003, Afrika Kusini, nahodha akiwa huyuhuyu Ganguly, shujaa wa Kolkata aliachwa nyumbani na nafasi ikaenda kwa Dinesh Mongia, mpigaji wa mkono wa kushoto anayeweza pia kurusha kidogo. Sababu ya kimchezo ilikuwepo: Laxman hakuwa mwepesi uwanjani, na mechi za siku moja zinataka watu wanaofanya mambo mawili. Lakini Mongia hakung'ara kwenye mashindano yale, na Laxman alimaliza maisha yake ya kriketi bila kucheza Kombe la Dunia hata moja. Testi 134, Kombe la Dunia sifuri. (Wakenya mnaosoma hapa mnaikumbuka timu hiyo ya Ganguly vizuri. Ndiyo iliyowatoa kwenye nusu fainali Durban, tarehe 20 Machi 2003, Ganguly akipiga 111 bila kutolewa. Nyuma ya wiketi alisimama Rahul Dravid, ambaye kazi yake ni kupiga, kwa sababu nahodha alitaka nafasi ya kuingiza mpigaji mmoja zaidi.)

Sasa saikolojia. Kila anayesoma ualimu hukutana na utafiti wa Rosenthal na Jacobson uliochapishwa mwaka 1968. Walikwenda kwenye shule moja ya msingi huko California, wakawaambia walimu kwamba wanafunzi fulani wataonyesha maendeleo makubwa mwaka huo. Majina yalikuwa yameokotwa tu, kama kura ya kijiti. Mwisho wa mwaka, kwenye madarasa ya chini, watoto waliotajwa walikuwa wamepanda zaidi ya wenzao kwenye kipimo cha akili. Utafiti huo umepingwa sana, na waliourudia hawakupata matokeo makubwa kiasi hicho. Lakini njia yake inaeleweka kwa yeyote aliyekaa darasani: mwalimu akikuamini anakuuliza maswali zaidi, anasubiri zaidi jibu lako, akikusahihisha anakueleza. Asiyekuamini anakuruka, na kwa kukuruka anakufanya ubaki vilevile, kisha matokeo yako yanakuja kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi.

Kriketi ni mahali pazuri pa kuliona hilo kwa sababu kila kitu kinaandikwa. Chukua warushaji wawili wenye uwezo sawa. Mmoja ni mtu wa nahodha. Anapewa mpira mpya, asubuhi, uwanja ukiwa bado na unyevu. Akipigwa anapewa ova nyingine, na wachezaji wanapangwa pale anapotaka yeye. Wa pili anapewa mpira saa tisa mchana, jua kali, wapigaji wawili wameshazoea, na akitoa mikimbio 15 kwenye ova mbili anaondolewa. Mwisho wa mwezi wateuzi wanafungua takwimu: wa kwanza wiketi 20, wa pili wiketi nne. Nani atabishana na namba? Hakuna safu kwenye kitabu cha takwimu inayoonyesha nani alipewa mpira saa ngapi. Upendeleo umeshageuka kuwa ushahidi.

Hii ndiyo hoja yangu kuu kwa wale wanaosema tatizo litaisha tukimnyima nahodha kura. Kura ni kitu kidogo. Australia walijaribu kinyume chake. Baada ya ripoti ya Argus ya mwaka 2011 walimfanya nahodha, Michael Clarke, kuwa mteuzi rasmi pamoja na kocha. Wazo lilikuwa la haki kabisa: kama anabeba lawama, abebe na kura. Muda si mrefu likaleta shida zake. Mchezaji mwenye maumivu ya mgongo atamwambiaje nahodha kwamba anaumwa, akijua kesho huyohuyo anakaa kwenye kikao cha kumpigia kura? Na kila uamuzi ulionekana wa mtu binafsi. Hata kabla ya hapo, Simon Katich, aliyewahi kukwaruzana na Clarke kwenye chumba cha kubadilishia nguo mwaka 2009, alinyimwa mkataba mwaka 2011, na baadaye akasema hadharani kwamba anaona si wateuzi peke yao waliomwondoa. Clarke alikanusha, na wakati mkataba unakatwa hakuwa mteuzi. Lakini shaka ikishaingia kwenye timu haisomi tarehe. Mwaka 2013 Clarke aliachia uteuzi.

Huwezi kumwondolea nahodha upendeleo, maana ni kazi yake kuamua amwamini nani mechi ikiwa imebana. Swali lenye maana ni kama upendeleo wake unaweza kumwumiza yeye mwenyewe. Imran Khan wa Pakistan ana mifano ya pande zote. Mwaka 1982, kwenye Testi yake ya kwanza kama nahodha, pale Birmingham, alimwacha nje Majid Khan. Majid alikuwa mtu aliyemtazama tangu utotoni, na mama zao ni dada. Vitabu vya Kiingereza vinawaita mabinamu, ila kwa hesabu zetu za ukoo watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu tu, kwa hiyo alimwacha kaka yake. Anayejua vikao vya familia ataelewa uzito wake. Imran huyohuyo, kwa upande mwingine, alimng'ang'ania Mansoor Akhtar miaka kadhaa akiamini kipaji chake. Mansoor alicheza Testi 19, akapata mara moja tu mikimbio zaidi ya 100, wastani wake ukaishia kama 25, ambao kwa mpigaji ni mdogo. Kisha mwaka 1992 kwenye Kombe la Dunia Imran akambeba kijana Inzamam-ul-Haq aliyekuwa hajafanya kitu mechi nyingi mfululizo. Nusu fainali Inzamam akapiga 60 kwa mipira 37, fainali akapiga 42 kwa mipira 35, Pakistan wakachukua kombe. Jicho ni lilelile, moyo ni uleule, mmoja akakataa kuchanua na mwingine akachanua. Tofauti ni kwamba leo Inzamam anatajwa kama ushahidi wa busara ya Imran na Mansoor anatajwa na wapenzi wa takwimu tu.

Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni Steve Waugh mwaka 1999, kwa sababu yeye alikwenda kinyume na upendeleo wake. Australia walikuwa West Indies, wako nyuma mbili kwa moja, imebaki Testi moja, Antigua. Shane Warne, mrushaji maarufu kuliko wote wa kizazi kile na makamu wa nahodha, alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa bega na katika Testi tatu alikuwa na wiketi mbili tu. Walioamua kikosi ugenini walikuwa watatu: nahodha, kocha Geoff Marsh, na Warne mwenyewe kama makamu! Yaani jamaa alikaa kwenye kikao cha kumjadili yeye. Waugh akasema hapangwi. Allan Border, nahodha wa zamani aliyekuwepo, alimtetea Warne, lakini Waugh hakubadilika. Australia wakashinda kwa mikimbio 176 na mfululizo ukaisha sare. Wiki chache baadaye, kwenye Kombe la Dunia, Waugh huyohuyo alimpanga Warne na Warne akachukua wiketi nne nusu fainali na nne fainali. Ungedhani yaliisha hapo. Hayakuisha. Warne alibeba donge hilo hadi kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 2018, ambamo Waugh hasemwi vizuri hata kidogo.

Waugh alilipa, basi, na alilipa mbele za watu. Mchezaji wa kawaida, yule wa saa tisa mchana, hana kitabu cha kuandika donge lake, na nahodha wake hatamlipa chochote.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, nilipewa Kidato cha Pili chenye wanafunzi zaidi ya sabini, kwenye shule ambayo haina haja ya kutajwa. Mwalimu niliyemkuta aliniachia orodha ya wanafunzi sita wa kuwauliza maswali, "wasikuangushe mkaguzi akija". Si mtu mbaya, na mkaguzi kweli alikuja. Nilichofanya ni kuweka alama ya kalamu kwenye daftari la mahudhurio kila ninapomwita mtu ubaoni. Kazi ya sekunde moja. Baada ya wiki mbili ukurasa ule ulikuwa unaongea wenyewe, nikaanza kuita kutoka chini ya orodha. Tunaocheza kwenye timu za vitivo, na tunaopanga makundi ya kazi za darasani, tunaweza kuandika kitu kama hicho: nani alipewa nafasi, mara ngapi, na katika hali gani. Kriketi ina watu wanaoandika kila mpira unaorushwa, ila hilo la nani alinyimwa bado wanaliacha.

Ganguly naye alifika upande ule mwingine wa meza. Mwaka 2005 aligombana na kocha wake, Greg Chappell, akanyang'anywa unahodha, na Harbhajan akasimama hadharani kumtetea. Sehemu kubwa ya mwaka 2006 alikuwa nje ya timu, akicheza kriketi ya ndani na kusubiri wengine waamue kama bado anafaa. Alirudishwa Desemba, kule Johannesburg, chini ya Dravid, akapiga 51 bila kutolewa kwenye Testi ya kwanza ambayo India walishinda Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2007 unahodha wa Testi ulikwenda kwa Kumble. Pakistan wakaja, Ganguly akapangwa kwenye mechi zote tatu, na katika ya mwisho, mjini Bengaluru ambako Kumble ndiko kwao, akapiga 239. Hakuwahi kupiga zaidi ya hapo kwenye Testi.